Viatu Laini vya Mbio Ndefu: Mguu Ndio Mwenye Kuamua



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeliahirisha somo la mirathi tuliloliahidi, kwa kuwa swali tuliloletewa na mama mmoja wa Mombasa halina subira. Binti yake anasoma Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, si mbali na jiji la Nakuru. Tangu mwaka uanze anakimbia na wasichana wenzake baada ya Swala ya alfajiri, na sasa ametia nia ya mbio za kilomita 21. Ameomba anunuliwe viatu vya soli nene, vile vyenye mto laini. Baba yake ameiona bei, akasema kwamba kwa fedha hizo hupatikana mbuzi wa akika, na tena Waafrika waliishinda dunia wakikimbia pekupeku. Binti naye anaumwa na miundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti, kila ashukapo mlima. Mama yuko kati na kati. Dukani Mombasa ameona jozi iliyopunguzwa bei, na ataka kuituma kwa basi kabla haijanunuliwa na mwingine. Auliza: je, ni israfu? Na kama si israfu, jozi hiyo aichukue?

Jibu la swali la pili twalitanguliza, maana basi huenda likaondoka kabla jarida hili halijamfikia: mama yetu, usiitume. Mtumie binti fedha, kiatu akakichague mwenyewe huko huko Nakuru. Sababu zake ndizo zitakazotushughulisha leo.

Huo mto wa kiatu si kitu kingine ila sponji, na sponji hubadilika kwa joto na kwa baridi. Mombasa iko usawa wa bahari; Nakuru iko juu yake kwa mita 1,850 hivi, na Njoro imepanda zaidi ya mita 2,000. Kiatu ukibonyeza kwa kidole katika duka la Mombasa saa nane za mchana hujibu kama mkate wa mofa uliotoka tanuri sasa hivi. Kiatu kile kile, alfajiri ya Njoro, pumzi ikitoka mdomoni kama moshi, huwa kimekaza. Sponji ya kawaida ndiyo hukaza zaidi, nayo ndiyo iliyomo katika viatu vingi vya bei nafuu. Basi anayepima ulaini wake Pwani hupima hali ya hewa ya Pwani, na mguu utakaokimbia hauko hapo.

Kisha kuna ardhi. Sisi watu wa Pwani tumezoea tambarare. Mwinuko wetu mkubwa ni daraja. Bonde la Ufa ni kupanda na kushuka. Mwezi uliopita tulikuwa Nakuru kwa shughuli za dini, tukapata wasaa wa kukaa na vijana wa mtaa wa Bondeni wanaokimbia asubuhi kuelekea kreta ya Menengai, iliyo kaskazini ya jiji. Walitueleza jambo ambalo kwa akili yetu ya viti na vitabu hatukulitarajia: kwamba mlima hauwaumizi wakati wa kupanda. Kupanda huchosha pumzi. Kushuka ndiko huvunja miguu. Mkimbiaji ashukapo, kila hatua hutua kwa kishindo, na misuli ya mapaja hulazimika kuwa breki. Kiatu kilichoonekana laini kwenye kigae cha duka, kwenye mteremko wa changarawe huenda kikayumba kama dau, hasa kikiwa kirefu na chembamba chini. Kwa hiyo upana wa soli chini ya kisigino ni muhimu kama unene wake, nao watu wengi hawautazami.

Tumrudie bwana wa nyumba na hoja yake ya pekupeku, maana si hoja ya kudharauliwa. Ni kweli kwamba Abebe Bikila wa Uhabeshi alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila ya viatu. Lakini alishinda tena Tokyo mwaka 1964, na safari hiyo alikuwa amevaa viatu. Ni kweli pia kwamba wataalamu wakiongozwa na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwachunguza wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokua bila viatu, na mwaka 2010 wakaeleza kwamba wengi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo badala ya kisigino, na hivyo kishindo hupungua. Neno la kuzingatia hapo ni waliokua. Mguu huo ulifundishwa tangu utotoni, kwa kwenda na kurudi shuleni juu ya udongo. Mguu wa binti aliyelelewa kwa champali juu ya sakafu ya saruji haukupata mafunzo hayo, na hauwezi kuyapata kwa muhula mmoja wa chuo.

Na kama kuna nyumba ambamo swali la nyuma yake ni je, mwanamke akimbie, hatutalirefusha. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie. Mara ya kwanza alimshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, akashindwa. Binti ajisitiri, akimbie na wenzake, na baibui refu aliache nyumbani kwa ajili ya usalama wake, maana pindo likinasa kisiginoni hakuna sponji itakayomwokoa. Suruali pana na kanzu fupi ifikayo magotini vyatosha.

Sasa kiatu chenyewe. Hapa twawaomba mama na baba watenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya: kiatu cha kushindania na kiatu cha kufanyia mazoezi.

Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, dunia nzima iliitazama miguu yake. Siku ya pili yake, Chicago, Brigid Kosgei akakimbia kwa saa 2:14:04 na kuiondoa rekodi ya Paula Radcliffe iliyokaa tangu 2003. Wote wawili walivaa viatu vya aina moja kwa kanuni yake: sponji nyepesi mno inayorudisha nguvu kwa mkimbiaji, na ndani yake bamba gumu la nyuzi za kaboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walikuwa wamekwisha kupima kiatu cha namna hiyo, wakaona kwamba mkimbiaji hutumia nguvu pungufu kwa asilimia 4 hivi. Zogo lilikuwa kubwa hata Shirikisho la Riadha la Dunia, Januari 2020, likaweka mipaka: soli isizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja. Katika zama hizi za viatu hivyo, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35.

Hivyo ndivyo viatu ambavyo vijana wetu huviona kwenye simu na kuvitamani. Lakini mabingwa hawavai hivyo siku zote. Sehemu kubwa ya kilomita zao za juma huzikimbia polepole, kwa viatu vya kawaida vizito kidogo. Mwaka 2023 Tigst Assefa wa Uhabeshi alikimbia Berlin kwa saa 2:11:53 akiwa na kiatu cha gramu 138 kilichouzwa dola 500, na watengenezaji wenyewe walisema kimeundwa kwa ajili ya mbio moja tu, pamoja na muda mfupi wa kukizoea. Kiatu cha siku moja! Kumnunulia mwanafunzi kiatu cha namna hiyo kwa mazoezi ya kila alfajiri, hiyo ndiyo israfu, wala hatutatafuta maneno ya kuipamba. Tena kina hatari yake: bamba gumu huhamisha uzito kwenda sehemu za mguu ambazo hazijazoea kuubeba, na madaktari wa michezo wameandika juu ya wakimbiaji waliopata nyufa za mifupa ya wayo baada ya kuvitumia.

Binti anahitaji kiatu cha mazoezi: sponji nene ya kawaida, bila bamba, soli pana, na mpira wa kutosha chini kwa ajili ya changarawe. Kiatu cha namna hii hutengenezwa na kampuni nyingi za nje, na Kenya pia ilijaribu. Kampuni ya Enda, iliyoanza kwa michango ya watu mwaka 2016, ilikiita kiatu chake cha kwanza Iten, kwa jina la mji wa wakimbiaji, na kilichofuata, chenye soli nene zaidi, kikaitwa Lapatet, neno la Kikalenjin lenye maana ya kukimbia.

Ulaini wenyewe una faida? Watafiti wa Luxembourg waliwagawia wakimbiaji wa kawaida zaidi ya 800 viatu vinavyofanana kwa sura, baadhi vikiwa na soli laini na baadhi ngumu, wala wakimbiaji hawakujua nani kapewa kipi. Waliopewa soli ngumu waliumia zaidi. Basi ombi la binti lina msingi. Hata hivyo, laini kupita kiasi pia si jema: mguu ukizama kama katika mchanga wa pwani, kifundo hufanya kazi ya ziada kuusimamisha.

Namna ya kuchagua ni hii. Aende dukani jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na katika mbio ndefu huvimba zaidi. Achukue soksi zile zile anazokimbilia. Asimame, wala asipime kwa kuketi, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu. Namba iliyoandikwa asiitegemee. Kampuni moja na nyingine hazikubaliani, na wengi hujikuta wakivaa namba moja juu ya ile ya viatu vyao vya Idi. Kiatu kikibana dukani, asikubali kuambiwa kwamba kitapanuka. Kisha akimbie. Tulipofika na wale vijana wa Bondeni kwenye soko la mitumba, muuzaji aliwaachia wakimbie mpaka mwisho wa uchochoro na kurudi, wakibadilisha jozi hii na ile, mguu wa kulia chapa moja na wa kushoto chapa nyingine. Twaliona jambo la busara sana. Miguu miwili ikilinganisha kwa wakati mmoja, ulimi hauna haja ya kusifu. Kiatu kinachofaa hukisahau baada ya hatua chache. Kisichofaa hukukumbusha kila hatua.

Kuna jambo moja ambalo duka halisemi kwa uwazi: tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Viatu vingine kisigino kimeinuka milimita 10 juu ya vidole, vingine 4, vingine viko sawa kabisa. Kisigino kikiwa chini, ndama ya mguu na mshipa wa nyuma ya kifundo hubeba kazi zaidi. Kikiwa juu, kazi huhamia gotini. Binti anayeumwa na miundi asiruke ghafla kutoka aina moja kwenda nyingine. Akitazame kiatu chake cha sasa, atafute kinachokikaribia.

Mitumba ina maneno yake. Hatuikatazi, kwani nyumba nyingi ndiyo riziki yake na ndiyo stara yake. Lakini juu ya kiatu cha mbio sponji huzeeka hata bila kuvaliwa, na kiatu hung'arishwa juu kikiwa kimekufa ndani. Kiwekwe juu ya meza iliyonyooka, kitazamwe kwa nyuma: kikiinamia upande mmoja, aliyekivaa kwanza amekiachia mwendo wake. Ubavu wa sponji utazamwe. Mikunjo mingi myembamba kama ya uso wa mzee ni dalili kwamba haiinuki tena. Soli ya chini ikiwa imelika kisiginoni hata sponji ikaonekana, waache. Na gundi iliyopakwa upya ukingoni, inayong'aa, ina habari inayofichwa. Muuzaji akiificha aibu ya bidhaa huku aijua, sheria yetu inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha, na mabinti wetu wajue kuidai haki hiyo kwa adabu.

Hapa na hesabu tuliyomwandalia baba. Kiatu cha mazoezi hudumu kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 800, kutegemea uzito wa mkimbiaji na ardhi. Tuseme kipya ni shilingi 8,000 na kikadumu kilomita 800: kila kilomita imegharimu shilingi 10. Tuseme cha mtumba ni shilingi 2,500 na kimebakiwa na kilomita 150: kila kilomita ni karibu shilingi 17. Rahisi imekuwa ghali. Ila mtumba ambao haukukimbiwa sana, nao hupatikana kwa mwenye macho, huipindua hesabu hii.

Wengi hutuuliza juu ya ngozi ya nguruwe, nasi twajibu kwa wote. Viatu vya mbio vya siku hizi juu ni kitambaa cha wavu na vitu vya viwandani, wala havina ngozi. Hadhari iwe kwa viatu vya mtindo wa zamani vyenye ngozi ya manyoyamanyoya, kwani baadhi yake hutengenezwa kwa ngozi hiyo, na katika madhehebu yetu ya Shafi haitahiriki kwa kudabaghiwa. Lebo iliyo chini ya ulimi wa kiatu isomwe, au kampuni iulizwe.

Akina mama, msidhani makala hii ni ya mabinti peke yao. Wapo miongoni mwenu mnaotembea kwa afya asubuhi kandokando ya bahari, na viatu mnavyovaa ni vya namba ya usichana. Mimba hubadilisha wayo: upinde wake hushuka na urefu huongezeka, na baada ya uzazi wa kwanza mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Aliyezaa apime upya. Na mwenye maradhi ya sukari aliyeanza kupata ganzi miguuni, kwake kiatu kinachobana si usumbufu, ni hatari, kwa sababu kidonda kitaanza naye hana habari. Huyo amwone daktari kabla ya duka, na kila avuapo atazame nyayo zake, au mwanawe amtazamie.

Mama wa Mombasa, twarudi kwa maumivu ya binti yako, kwani hayo ndiyo yametufanya tuandike haraka. Maumivu yaliyoenea kandokando ya muundi, yanayopungua akipumzika, mara nyingi yatokana na kuongeza mbio upesi. Apunguze kilomita, aepuke mteremko kwa majuma machache, na kiatu kizuri kitamsaidia. Lakini maumivu yakiwa mahali pamoja panapoweza kufunikwa na ncha ya kidole, yakimuamsha usiku au yakimuuma akitembea tu, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Hapo kiatu chochote hakifai kitu. Aache kukimbia na aende hospitali. Na muulize, kwa sauti ya mama na si ya kadhi, kama hedhi yake yaja kwa wakati na kama anakula vya kutosha. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo, hedhi ikakatika miezi mitatu au zaidi, mifupa yake hudhoofika, na daktari hana budi kulijua hilo. Hakuna haya katika jambo la afya.

Akisalimika na hayo, akanunue. Asikivae siku ya kwanza kwa safari ndefu: aanze na kilomita tatu au nne za tambarare, kisha siku nyingine kwenye changarawe, kisha mteremko, na malengelenge au ganzi ya vidole vikitokea katika yoyote kati ya hizo, kiatu si chake. Cha zamani asikitupe bado. Watafiti hao hao wa Luxembourg waliona kwamba wanaobadilishana jozi mbili katika juma huumia kidogo kuliko wa jozi moja. Kikilowa matope akioshe kwa mkono, atie karatasi za gazeti ndani, akianike kivulini. Asikiweke kando ya jiko wala juu ya bati, maana joto huikunja sponji na kuilegeza gundi. Na siku atakayokivaa mara ya kwanza aandike tarehe kwa kalamu ndani ya ulimi wake, awe akihesabu kilomita, ili zitakapofika 500 aanze kukibonyeza na kukitazama ubavuni kama tulivyoeleza, na baba naye apate kupigiwa simu mapema.